Ziwa Linapopumzika: Sala, Mkate wa Kila Siku na Urafiki na Mungu Mwambaoni mwa Tanganyika

Jumatano, tarehe 15 Mei 2024, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya Sherehe ya Pentekoste, taa za wavuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ziliamriwa kuzimwa. Kwa muda wa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulisitishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Hatua hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, baada ya kuonekana kwamba mavuno ya dagaa na migebuka yanapungua. Kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji, na wa vijiji vya mwambao kuanzia Kagunga kaskazini hadi mwambao wa Uvinza kusini, lilikuwa jambo geni. Ziwa lililowalisha babu zao sasa limeambiwa lipumzike.

Ni vigumu kwa Mkristo kuzitazama tarehe hizo asitafakari. Tarehe 21 Januari ya mwaka huohuo, hayati Baba Mtakatifu Francisko alikuwa ameutangaza mwaka 2024 kuwa Mwaka wa Sala, ili kuliandaa Taifa la Mungu kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 2025. Ziwa lilifungwa katika siku za Novena ya Roho Mtakatifu, likafunguliwa katika Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Katikati yake iliangukia tarehe 29 Juni, Sherehe ya Watakatifu Petro na Paulo, siku ambayo Mama Kanisa humheshimu mvuvi aliyeacha nyavu zake kumfuata Bwana. Waliopanga tarehe hizo walifuata mazalia ya samaki, wala si kalenda ya Liturujia. Hata hivyo, mwamini anayesoma alama za nyakati ana haki ya kuuliza: je, ukimya ule wa ziwa ulitufundisha nini kuhusu sala?

Swali hili halijapitwa na wakati. Suala la kulipumzisha ziwa litaendelea kuwagusa watu wa mwambao huu kwa miaka mingi ijayo. Jubilei nayo imekwisha kufungwa tarehe 6 Januari 2026, na kinachobaki sasa ni matunda yake katika maisha ya kila siku. Tena tuwe wakweli: kwa familia nyingi miezi ile haikuwa mafungo ya kiroho. Ilikuwa miezi ya mashaka. Tafakari yoyote juu ya sala isiyoanzia kwenye mashaka hayo itakuwa maneno mazuri yasiyomfikia mtu.

Miezi mitatu bila taa

Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Vyombo hutoka jua linapozama, taa huwashwa juu ya maji, dagaa huvutwa na mwanga, nao wavu huinuliwa. Alfajiri, kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, akina mama huwa wamekwisha kufika na ndoo zao wakingoja mzigo. Dagaa wataanikwa, watafungwa magunia, na wengine watasafiri kwa reli au kwa lori hadi Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Nyuma ya mtumbwi mmoja kuna mwenye chombo, kuna wavuvi wanaogawana kinachobaki baada ya kutoa gharama, kuna wabebaji, waanikaji, wachuuzi, mama lishe, mafundi wa injini na mafundi wa mitumbwi. Mtumbwi mmoja ukilala ufukweni, meza nyingi hupungukiwa.

Waliokuwa na shamba la michikichi au la mihogo walikuwa na mahali pa kukimbilia. Waliokuwa na akiba waliitumia. Lakini mtu anayeishi kwa mapato ya usiku mmoja hana ghala. Kwake, ada ya mtoto, kodi ya chumba na deni la dukani havikufungwa pamoja na ziwa. Katika nyumba za namna hiyo, lile ombi la mkate wa kila siku katika sala ya Baba Yetu liliacha kuwa maneno ya kukariri, likawa kilio cha kweli mbele ya Baba anayejua jina la kila mtoto aliyelala bila kushiba.

Hapa ndipo tunapolazimika kujiuliza sala ni kitu gani hasa. Kama sala ni kazi ya watu wenye nafasi na matumbo yaliyoshiba, basi mvuvi aliyekosa kazi hana sehemu ndani yake. Kama sala ni uhusiano wa mtoto na Baba yake, basi hakuna aliye karibu nayo zaidi ya yeye.

Swali la mwaka wa saba

Maandiko Matakatifu yanalifahamu vizuri pumziko la namna hii. Katika Kitabu cha Walawi sura ya 25, Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba kila mwaka wa saba nchi ipumzike, mashamba yasilimwe wala mizabibu isikatwe. Baada ya majira saba ya miaka saba hufuata mwaka wa Jubilei. Tulipoadhimisha Jubilei mwaka 2025, mizizi yake ilikuwa humo, katika ardhi inayopumzishwa na madeni yanayosamehewa.

Jambo linalogusa moyo ni kwamba Mungu mwenyewe analitazamia swali la watu wake. Anajua kwamba watauliza watakula nini mwaka huo wa saba ikiwa hawapandi wala hawavuni (Law 25:20). Hawakemei kwa kuuliza. Hawaambii kwamba swali hilo ni upungufu wa imani. Anawajibu kwa ahadi kwamba mavuno ya mwaka wa sita yatabarikiwa yatoshe kwa miaka mitatu. Na katika Kitabu cha Kutoka (Kut 23:10-11) anaongeza sababu nyingine ya pumziko hilo: kinachoota chenyewe katika nchi iliyoachwa ni chakula cha maskini.

Tukiyaweka pamoja tunapata mafundisho matatu. Kwanza, nchi na maji ni mali ya Mungu, nasi ni wapangaji tu. Kulipumzisha ziwa ni kukiri kwamba hatukuliumba. Pili, pumziko halali hutanguliwa na akiba ya mwaka wa sita. Wahenga wetu waliposema akiba haiozi hawakuwa mbali na hekima hiyo. Tatu, pumziko linalompendeza Mungu humtazama maskini kwanza. Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, aliyakumbusha haya aliposimulia sheria ya Sabato na ya Jubilei kama njia ya kurejesha usawa kati ya mwanadamu, jirani yake na ardhi wanayoishi juu yake (na. 71).

Kwa kipimo hicho, wazo la kulipumzisha ziwa ni jema na linapatana na imani yetu. Lakini kipimo hichohicho kinatudai sote, viongozi wa Serikali, wenye vyombo, Kanisa na jamii kwa ujumla. Pumziko lisilo na akiba wala mgawo kwa aliyepungukiwa ni njaa iliyopewa jina zuri. Haitoshi kumwambia mvuvi avumilie kwa ajili ya vizazi vijavyo huku kizazi kilichopo nyumbani kwake kikiulizia chakula cha jioni.

Na sala inaingia wapi? Inaingia palepale kwenye swali. Kuuliza tutakula nini, mtu akiuliza akiwa amekaa peke yake gizani, kunaweza kuwa mwanzo wa kukata tamaa. Swali hilohilo likielekezwa kwa Mungu ni sala. Zaburi zimejaa maswali ya namna hiyo: hadi lini, kwa nini, uko wapi. Watu wa Mungu hawakuona haya kulalamika mbele zake, kwa maana rafiki wa kweli ndiye anayeweza kuambiwa ukweli wote. Urafiki na Mungu hauanzi siku tutakapopata maneno mazuri ya kumwambia. Unaanza siku tunapoacha kumficha yaliyo moyoni.

Sala si wavu

Miezi ya kufungwa kwa ziwa ilifichua pia kishawishi kimoja cha zamani, yaani kuigeuza sala kuwa zana ya kazi. Wapo wanaofunga hirizi kwenye mtumbwi ili wapate samaki. Wapo wahubiri wanaouza mafuta na maji wakiahidi kwamba biashara itafunguka. Tusiishie kuwanyooshea wengine kidole. Sisi Wakatoliki tunaweza kusali novena kwa moyo wa mkataba, tukihesabu siku tisa kama mtu anayehesabu malipo, na siku ya kumi tukimdai Mungu bidhaa yake. Tofauti ya vitu vinavyoshikwa mkononi haitoshi. Kinachotazamwa ni moyo: je, ninamtafuta Mungu, au ninatafuta namna ya kumwendesha?

Ziwa lilipofungwa, sala ya kuomba samaki wengi ilikosa mahali pa kushika. Mwenye kusali kwa ajili ya samaki tu hakuwa na la kusema kwa miezi mitatu. Mwenye kusali kwa sababu Mungu ni Baba yake aliendelea, hata kama sauti yake ilikuwa ya machozi. Huo ndio mtihani ambao kila mmoja wetu hupitia kwa wakati wake: mgonjwa asiyepona, mhitimu asiyepata ajira, wazazi wanaosubiri mtoto. Mlango wa kitu tunachokiomba unapofungwa, ndipo tunapojua kama tulikuwa tukizungumza na Mungu au na kile kitu.

Hata hivyo tusivuke mpaka upande wa pili na kuidharau sala ya maombi. Kristo mwenyewe ametufundisha kuomba mkate. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika sehemu yake ya nne inayohusu sala ya Kikristo, inaihesabu sala ya maombi kati ya namna kuu za sala, kwa kuwa anayeomba anakiri kwamba yeye ni kiumbe na kwamba uhai wake unatoka kwa mwingine. Katekisimu hiyohiyo inafundisha kwamba sala ni uhusiano hai wa Agano kati ya Mungu na mwanadamu, na tena kwamba ni mapambano, kwa sababu inatudai kupigana na uvivu wetu, mitawanyiko ya mawazo na ukavu wa moyo. Mtakatifu Teresa wa Yesu, Mwalimu wa Kanisa, alieleza kwamba sala ya moyoni ni mazungumzo ya kirafiki, ni kukaa mara nyingi peke yako na yule unayejua kwamba anakupenda. Mtoto humwomba baba yake chakula, naye haachi kuwa mtoto siku ambayo chakula kimechelewa.

Asubuhi ile ufukweni

Injili ya Yohane sura ya 21 inaeleweka kwa urahisi zaidi Kibirizi kuliko katika miji mingi mikubwa duniani. Petro na wenzake wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kunapopambazuka, Yesu Mfufuka amesimama ufukweni wala hawamtambui. Anawauliza kama wana kitoweo. Anawaelekeza watupe wavu, nao unajaa samaki 153. Lakini wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake na mkate. Bwana hakungoja samaki wao ndipo awape chakula. Tayari alikuwa amewaandalia, kisha akawaomba walete na wa kwao.

Tuutazame mpangilio wa asubuhi ile. Kwanza Yesu anauliza kuhusu njaa yao. Kisha anawalisha. Ni baada ya kula tu ndipo anamwuliza Simoni, mara tatu, kama anampenda. Swali la upendo ndilo kilele, lakini halikuulizwa kwa mtu mwenye njaa na baridi. Hapa mwinjilishaji yeyote anapata somo, awe padre, mtawa, katekista au kiongozi wa jumuiya. Na baada ya Petro kukiri upendo wake hapewi tuzo. Anapewa kondoo wa kuwalisha. Urafiki wa ndani na Kristo unaishia daima katika kumtunza mwingine.

Kuna jambo jingine. Samaki wale 153 hawakutajwa tena. Wavu uliojaa uliwafanya wamtambue Bwana, lakini baada ya kumtambua, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa habari ya asubuhi ile. Huu ndio mwendo wa sala iliyokomaa. Tunaanza na haja zetu, nasi hatukosei. Tunapodumu, macho yetu huinuka taratibu kutoka kwenye zawadi kwenda kwa mtoaji. Katika Waraka wake Dilexit nos wa tarehe 24 Oktoba 2024, Baba Mtakatifu Francisko aliurudisha ulimwengu wenye haraka kwenye Moyo Mtakatifu wa Yesu, akitaka tumwendee Kristo moyo kwa moyo.

Urafiki unaohitaji miaka

Mwambao huu una kumbukumbu yake ya sala. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa wakati Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadre Weupe, walipofika mwezi Januari 1879, wakiwa wametumwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers. Walikuwa wameondoka Bagamoyo katikati ya mwaka 1878, na wenzao wengine walikuwa wamefia njiani. Tarehe 4 Mei 1881, Padre Toussaint Deniaud, aliyekuwa ameliongoza kundi la Tanganyika, aliuawa huko Rumonge, katika Burundi ya leo, pamoja na Padre Augier na mlei D'Hoop. Kwa macho ya kibinadamu wavu wao ulikuwa mtupu. Vikarieti ya Kigoma ilikuja kuundwa mwaka 1946, ikawa Jimbo mwaka 1953. Waliopanda hawakuyaona mavuno.

Lavigerie aliagiza kwamba anayeomba Ubatizo aandaliwe kwa miaka minne. Wapo walioona ni muda mrefu mno. Lakini ndani ya agizo hilo kulikuwa na ujuzi wa moyo wa mwanadamu: kumfahamu Mungu si sawa na kukariri maswali na majibu. Ni kujifunza kukaa naye, na urafiki haupikwi kwa moto wa haraka. Kusini zaidi, huko Karema, Adrian Atiman, ambaye alikuwa ameuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, alitumikia kama tabibu na katekista tangu miaka ya mwisho ya 1880 hadi kifo chake mwaka 1956. Hakuhubiri kwa midomo tu. Mkono uliofunga vidonda ndio uliowaonesha wagonjwa kwamba Mungu yupo karibu.

Leo Mkatoliki anayeishi Ujiji ni jirani wa Waislamu walio wengi. Kila siku, kabla ya mapambazuko, anaisikia adhana. Badala ya kuisikia kama sauti ya wengine tu, anaweza kuisikia kama swali kwake: jirani yangu ameamka kumwomba Mungu, mimi je? Kanisa nalo lina saa zake: Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, na Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Hizi ni mali yetu, lakini wengi tumeziacha zikalala kama vyombo vilivyofungiwa kabatini. Kama jirani anaweza kuikatisha biashara yake mara kadhaa kwa siku kwa ajili ya Mungu, hatuna udhuru wa kusema kwamba maisha ya sasa hayaruhusu sala.

Mkate na sala haviachani

Mtume Yakobo anamkosoa vikali anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa mahitaji ya mwili (Yak 2:15-16). Baba Mtakatifu Leo XIV, katika Wosia wake wa Kitume Dilexi te wa tarehe 4 Oktoba 2025 kuhusu upendo kwa maskini, ameendeleza mafundisho hayohayo, akionesha kwamba upendo kwa Kristo hautenganishwi na upendo kwa wahitaji. Kwa hiyo parokia ya mwambaoni haiwezi kuomboleza pamoja na wavuvi ndani ya kanisa tu. Mambo manne yafaa kutazamwa.

La kwanza ni akiba. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tayari zinakutana kila juma. Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyozaliwa humo vinaweza kuwa mwaka wa sita wa familia zetu, ikiwa akiba itawekwa kwa makusudi katika miezi ya mavuno mengi na kulindwa kwa uaminifu.

La pili ni kumtambua aliyepungukiwa. Mwenye chombo mwamini ajiulize amewaachaje wavuvi wake siku ambazo chombo kimelala. Na jumuiya imjue mjane mwanikaji wa dagaa ambaye hakuna anayemhesabu kuwa mvuvi, ingawa ziwa likifungwa yeye hutangulia kuumia.

La tatu ni sauti. Viongozi wa Kanisa na walei walio katika halmashauri na vikundi vya wavuvi wana wajibu wa kusema kwa heshima na kwa uwazi kwamba hatua ya kuhifadhi ziwa iandaliwe mapema pamoja na walioguswa, na kwamba njia mbadala za kipato, kama ufugaji wa samaki kwa vizimba au kilimo cha michikichi, zimfikie hata asiye na dhamana ya kuweka benki. Mjane katika Injili ya Luka (Lk 18:1-8) alikwenda kwa hakimu bila kuchoka. Kristo anamtumia yeye kutufundisha kusali bila kukata tamaa.

La nne ni dhamiri. Kuvua kwa nyavu haramu, au kuingia ziwani kwa siri wakati wengine wametii, ni kuchukua kilicho cha wote na cha watoto ambao hawajazaliwa. Jambo hili lina mahali pake katika utafiti wa dhamiri kabla ya Kitubio. Lakini mhubiri atakayelikemea bila kuuliza huyo baba alilisha watoto kwa nini, atakuwa amesema nusu ya ukweli.

Siku za mbalamwezi

Hata bila amri ya nchi nne, mvuvi wa Tanganyika ana pumziko lililoandikwa angani. Mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga wa taa hupoteza nguvu yake na dagaa hawakusanyiki. Kwa siku kadhaa kila mwezi vyombo vingi hulala. Siku hizo hutumika kushona nyavu, kutengeneza injini na kulipa madeni. Nyingine huishia kwenye pombe na ugomvi wa nyumbani. Kwa nini zisiwe pia siku za Bwana?

Usiku wa Jumamosi, mwezi ukiwa gizani, ni usiku wa kazi, na asubuhi ya Jumapili ni saa ya kuuza. Hivyo wavuvi wengi huikosa Misa Takatifu, na polepole hujiona kuwa wageni kanisani. Parokia inayoyafahamu maisha yao inaweza kupanga Ibada ya Kuabudu Ekaristi Takatifu, nafasi ya Kitubio na mafundisho yao katika siku za mbalamwezi. Mtumbwini kwenyewe, zile saa ndefu za kungoja dagaa wakusanyike chini ya taa zinatosha kwa fumbo moja la Rozari, au kwa kulirudia moyoni jina la Yesu. Nyumbani, dakika 15 za kusoma Injili ya siku kwa sauti, kunyamaza kidogo, kisha kila mmoja kusema neno lililomgusa, zinaweza kurudisha mazungumzo katika familia iliyozoea kuzungumzia deni tu. Na asiyejua kusoma asijione amenyimwa. Baba Yetu, ikisaliwa polepole, sentensi moja baada ya nyingine, inatosha kwa usiku mzima.

Marko anasimulia kwamba Yesu aliamka alfajiri na mapema, akaenda mahali pasipo na watu, akasali, huku Simoni na wenzake wakimtafuta kwa sababu kila mtu alimhitaji (Mk 1:35-37). Kazi ilikuwepo, wagonjwa walikuwepo, na bado alijitenga. Hakusali kwa sababu alikosa la kufanya. Alisali kwa sababu Baba alikuwa wa kwanza. Mfuasi wake asingoje ziwa lifungwe ndipo apate nafasi. Muda wa sala haupatikani kwa bahati, hutengwa.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Mvuvi hushusha wavu wake katika sehemu ndogo ya juu tu. Chini yake kuna maji ambayo hakuna mkono uliowahi kuyagusa. Wengi wetu tumemfahamu Mungu kwa kiasi hicho: tumechota juujuu, tukapata kitoweo, tukarudi nyumbani. Anatualika kilindini, wala hatudai tuwe tumeshiba kwanza au tuwe hatuna maswali. Anadai tu tuje.

Kwa maombezi ya Bikira Maria, Nyota ya Bahari, na ya Mtakatifu Petro mvuvi, tumwombe Mwenyezi Mungu awajalie watu wote wa mwambao huu, wa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, mkate wa kila siku, ziwa lenye uhai, na moyo unaompenda yeye kuliko vyote alivyotupatia. Na utakapomaliza kusoma, ndugu msomaji, nyamaza walau dakika tano ukae naye. Mwambie ukweli wako wote. Kisha umtazame jirani yako kama amekula.